Spana Iliyokaa Kabatini

Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka na aliyekuwa katibu wa klabu ya vijana wa kujitolea



Bwana Katibu aliponiandikia alinitaka nieleze kazi za utumishi zilizofanywa na klabu yetu ya vijana, ili maneno yenyewe yapigwe chapa katika kitabu cha taarifa ya mwaka. Nadhani alitazamia hesabu ya mambo mema. Mambo mema yapo, nami nitayataja. Lakini nimekuja hasa kusimulia habari ya jambo moja lililoharibika mikononi mwetu, kwa sababu kabla ya jua kuchwa mtaombwa kuinua mikono juu ya jambo linalofanana nalo sana.

Wengi wenu mwaijua klabu hii, kwa kuwa waliomo ni watoto wenu. Wamo vijana wa kazi za bandarini, waalimu wa shule za msingi, mafundi cherehani, wauguzi wawili, na wengine ambao mpaka leo wanatafuta kazi. Hapana anayelipwa. Kila mwaka kabla ya masika huzibua mitaro ya mtaa wetu, maana mitaro ikiziba maji machafu huingia mpaka vyumbani, na kipindupindu hakibishi hodi. Hutoa damu hospitalini. Huwafundisha watu wazima kusoma na kuandika, jioni mbili kila juma. Na mmoja wa wazee wetu akilazwa, hao ndio wanaopokezana zamu kando ya kitanda chake. Kazi hizi hazina picha katika kitabu hiki, kwani mtaro uliozibuliwa hata ukipigwa picha haupendezi. Lakini hazijapata kutuaibisha hata mara moja, na sababu yake nimeitafakari sana: ni kazi ambazo hazina siku ya kumalizika. Aliyezibua mtaro mwaka huu ajua kwamba mwakani atauzibua tena.

Kazi iliyotupa sifa kubwa ni nyingine. Miaka mitano iliyopita klabu, kwa idhini ya Chama hiki, ilikusanya fedha za kuchimba kisima na kutia pampu ya mkono katika kijiji kimoja cha Kwale, ng'ambo ya Likoni, ambako baadhi yetu tumeoa na wengine wamepata mashamba. Mimi ndiye niliyekuwa katibu. Naikumbuka vizuri siku ya kufungua: mahema mawili, viti vya kukodi, pilau, ngoma, mgeni wa heshima aliyekata utepe, na jiwe la marumaru lililochorwa majina ya halmashauri. Jina langu ni la nne. Maji yalipotoka akina mama walipiga vigelegele, na kwa hakika yalikuwa maji matamu, si ya chumvi kama ya visima vingi vilivyo karibu na bahari. Taarifa ya mwaka ule ilitoa kurasa tatu kwa habari hiyo. Mimi ndiye niliyeziandika, wala sikuandika uongo hata neno moja.

Katika mwaka wa tatu nilikwenda kijijini hapo kwa msiba. Baada ya maziko nikaenda kutazama pampu yetu, kama mtu anavyokwenda kumtazama mtoto aliyemwacha mdogo. Nilikuta mkono wake umefungwa kwa kamba ya katani, na kwenye nguzo yake amefungwa mbuzi. Jiwe la marumaru lilikuwa safi.

Nilimwuliza mama mmoja aliyepita na ndoo kichwani, pampu ina nini. Akanijibu kwa upole uliouma kuliko matusi: "Mpira umekwisha, mwanangu. Tangu mfungo wa Ramadhani." Nikahesabu kwa vidole, ilikuwa imepita miezi minane. Kwa miezi hiyo minane wenye fedha walinunua maji ya mkokoteni kwa mtungi wa lita 20, na wasio na fedha walirudia kidimbwi kilichoko bondeni, wanakonywesha ng'ombe. Katika nyumba niliyofikia palikuwa na mtoto anayeharisha. Sisemi ni kwa sababu ya maji hayo, lakini usiku ule sikupata usingizi.

Nikawauliza kwa nini hawakutuarifu. Wakanionyesha ukutani, pale penye namba ya simu tuliyoiandika kwa rangi nyekundu siku ya kufungua. Walipiga, wakapiga tena. Namba ilikuwa ya mwenzetu mmoja ambaye mwaka uliotangulia alikwenda kutafuta riziki nchi za Ghuba, na simu yake ya hapa ikafungwa. Nikauliza tena, kwa nini hawakuifungua wenyewe, maana mpira ni kitu kidogo. Hapo mzee wa kijiji ndiye aliyejibu. Alisema: "Pampu ni ya klabu. Tutaifunguaje mali ya watu wenyewe wasipokuwapo?"

Wazee wangu, maneno hayo ndiyo yaliyonileta hapa leo. Watu hawa hawakuwa wavivu, wala hawakuwa wajinga. Walikuwa na adabu. Tuliandika majina yetu juu ya kisima chao, nao wakayasoma, wakayaamini. Na hata kama wangaliacha adabu yao kando wangalifungua kwa nini? Spana ya pampu ile ilikuwa Mombasa, katika kabati la ofisi ya klabu, ndani ya mfuko wake wa nailoni, haijapata kuguswa. Tuliirudisha nayo siku ile ile ya kufungua ili isipotee. Niliiweka kabatini kwa mkono wangu.

Bei ya mpira uliokatika haikufika bei ya soda tulizokunywa siku ya sherehe.

Sasa nataka niseme kidogo juu ya pampu yenyewe, maana aibu yetu huzidi kuonekana tukiijua asili yake. Inaitwa Afridev. Haikuletwa kutoka mbali kama mashine nyingi. Ilibuniwa katika miaka ya 1980, hapa Kenya na huko Malawi, chini ya mpango wa Umoja wa Mataifa na Benki ya Dunia, na Kwale ni mojawapo ya mahali pa kwanza ilipojaribiwa, kwa msaada uliotoka Uswidi. Waliobuni walikuwa wameona taabu ya pampu za zamani. Pampu hizo zilipoharibika zilihitaji fundi wa mbali, gari, na vyombo vya kuinulia mabomba mazito ya chuma. Na gari lilipokosekana, kisima kilikufa huku maji yamo ndani. Kwa hiyo waliifanya hii iwe nyepesi kwa makusudi. Bomba lake ni la plastiki. Pistoni na vali iliyoko chini huvutwa juu kwa kupitia ndani ya bomba, pasipo kuling'oa bomba lenyewe. Kwa matengenezo ya kawaida yatosha spana moja na watu wawili. Na tangu mwanzo ilikusudiwa kwamba watu hao watoke pale pale kijijini. Shirika la Kenya la Maji na Afya, lijulikanalo kama KWAHO, ambalo mwanzo wake ni wa mwaka 1976, lilikaa na vijiji vya Kwale wakati wa mpango ule, na akina mama wakafundishwa kuzitunza pampu hizo.

Yaani tulichukua chombo kilichobuniwa ili mama wa kijijini apate kukifungua kwa spana moja, tukakipeleka katika Kwale ile ile kilikojaribiwa, kisha tukaondoka na spana.

Labda mmoja atasema ni bahati mbaya yetu sisi tu. La. Katika mwaka 2009 mtandao wa wataalamu wa maji ya vijijini ulikusanya hesabu za nchi zipatazo 20 za Afrika kusini ya Sahara, na katika kila pampu 100 za mkono, takriban 36 zilikuwa hazifanyi kazi. Nimeirudia hesabu hii mara nyingi kichwani. Hizi si pampu zilizokosa watu wema wa kuzijenga. Hapana shaka nyingi katika hizo zilifunguliwa kwa ngoma na hotuba, na wajenzi wake wakarudi kwao wameridhika. Upungufu haukuwa wa wajenzi.

Aidha, haifai kusema kwamba tatizo hili halina dawa, kwa maana dawa yake imekwisha kujaribiwa, tena si mbali. Huko Kyuso, katika Kitui, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Oxford walitia katika mikono ya pampu vyombo vidogo vya kupeleka habari kwa simu, kila pampu ikaeleza yenyewe kama inatumika au imesimama, na fundi wa karibu akawa tayari kwenda. Kabla ya hapo, pampu iliyoharibika ilingoja kwa wastani wa siku 27 hivi ndipo itengenezwe. Baada ya hapo ilikuwa chini ya siku 3. Mimi sijavutiwa sana na vile vyombo vya simu; hivyo ni vya ghali, navyo vyaweza kuharibika kama kitu kingine chochote. Kilichonivutia ni kwamba palikuwa na mtu ambaye kazi yake ilikuwa ni kwenda. Na watu wa vijijini, walipoona kwamba kweli anakuja, walikuwa radhi kuchanga fedha kidogo kidogo hata katika miezi ambayo pampu haikuharibika.

Hapo, Bwana Mwenyekiti, ndipo nilipokumbuka jambo ambalo Chama hiki kinalijua kuliko chuo kikuu chochote.

Chama chetu kilianza na nini? Wazee mliopo mwaweza kunisahihisha, lakini nilivyosimuliwa ni kwamba kilianza na maziko. Mtu alitoka bara kuja kufanya kazi mjini, akafa akiwa hana ndugu karibu, na wenzake wakapitisha kofia barabarani kutafuta fedha za sanda au za kumsafirisha. Ilikuwa aibu kupitisha kofia huku maiti imelala. Ndipo wakapatana kila mtu atoe kitu kila mwezi, awe ana msiba au hana, apende au asipende. Mfuko huo wa maziko umeendelea mpaka leo, na hakuna mwaka uliopata kukauka. Je, kwa nini hatukuungoja msiba ndipo tuchange? Kwa sababu twajua kifo hakina budi. Tumekiwekea akiba hali tukiomba kisije.

Basi nawauliza, mpira wa pampu nao una budi? Mpira husuguka kila mara mkono unapoinuka na kushuka. Siku yake ya kukatika imo ndani yake tangu siku ya kufungua. Mafuta ya taa ya darasa la jioni hayana budi kwisha. Dawati lina misumari, na misumari hulegea. Tuliweza kuweka akiba kwa ajili ya mauti, tukashindwa kuweka akiba kwa ajili ya mpira. Na kushindwa huko hakukutokana na umaskini, kwa kuwa fedha za pilau zilipatikana.

Nataka niseme pia juu ya neno hili "kujitolea", maana tumelizoea mpaka tumesahau maana yake. Babu zetu wote walikuwa na kazi za kusaidiana. Wakamba huziita mwethya, Wakikuyu huziita ngwatio, na hapa pwani Wamijikenda wana mweria. Katika desturi hizo zote mwenye shamba alijulikana. Wenzake walikuja kulima, wakala chakula chake, wakaondoka. Shamba likabaki lake, na magugu yakiota yalikuwa magugu yake. Hapakuwa na mtu aliyelima shamba la mwenziwe akaacha jina lake kwenye mpaka.

Wale waliotoka Ukambani watakumbuka mfano mkubwa kuliko wangu. Katika miaka ya 1930 ardhi ya Machakos ilikuwa inakwenda na mvua, na serikali ya kikoloni ikaamua kuwafundisha watu kwa nguvu. Ilitaka kupunguza ng'ombe, na mwaka 1938 Muindi Mbingu akaongoza maelfu ya watu mpaka Nairobi kupinga jambo hilo, akalipwa kwa kuhamishwa na kuzuiliwa huku kwetu pwani, Lamu. Baadaye yakaja matuta ya kuzuia mmomonyoko, nayo pia kwa amri. Kuchimba matuta ni jambo la maarifa, hakuna anayebisha. Lakini yalichimbwa kwa hofu, na uhuru ulipokaribia na kufika wengi waliyaacha yabomoke kwa kuwa yalinuka ukoloni. Ajabu ni yaliyofuata. Watu wale wale, katika miaka iliyofuata uhuru, waliyarudia matuta kwa hiari yao, wakichimba kwa makundi ya mwethya, wengi wakitumia namna ile inayoitwa "fanya juu", yaani kuchimba mfereji na kuutupa udongo upande wa juu wa mteremko. Mwaka 1994 ilichapwa kazi ya wachunguzi waliolinganisha hali ya Machakos ya miaka ya 1930 na ya mwaka 1990: watu walikuwa wameongezeka karibu mara sita, na ardhi ilikuwa katika hali bora kuliko zamani. Jembe lilikuwa lile lile na kilima kile kile. Kilichogeuka ni kwamba sasa tuta lilikuwa na mwenyewe.

Wala msidhani kwamba hiari peke yake yatosha. Marehemu Profesa Wangari Maathai, ambaye mwaka 2004 alipewa Tuzo ya Nobeli ya Amani, alianza kazi yake ya miti mbele ya watu, kwa sherehe. Tarehe 5 Juni 1977, yeye na wenzake wa Baraza la Taifa la Wanawake walipanda miti saba katika uwanja wa Kamukunji, Nairobi, kwa heshima ya Wakenya saba. Yeye mwenyewe ameeleza kwamba katika miti ile saba ni miwili tu iliyosalimika. Mtu mwingine angaliificha habari hiyo. Yeye aliijifunza. Kazi ilipoenea vijijini, akina mama walipewa kitu kidogo kama senti nne za Marekani kwa mche, lakini hawakupewa kwa mche waliopanda. Walipewa kwa mche ulioshika. Mama aliyepanda miche 100 ikafa yote hakuwa na cha kudai. Itazameni busara hiyo. Badiliko lilikuwa dogo mno, la siku ya kuhesabu tu, lakini lilibadili kazi yote, maana mama aliyejua kwamba mche utahesabiwa ukiwa hai aliumwagilia maji, akaufukuzia mbuzi.

Na sisi, Bwana Mwenyekiti, kitabu chetu cha taarifa huhesabu nini? Nimevisoma vya miaka kumi. Kinasema kisima kimoja, madawati kadhaa, vyoo kadhaa, kila kimoja na tarehe yake ya kufunguliwa. Hapana ukurasa hata mmoja unaosema kama kitu cha mwaka wa nyuma kingali kizima. Naomba, na hili ndilo ombi langu la kwanza kwa mkutano, kwamba kuanzia mwakani kila kazi ya klabu iandikwe tena kila mwaka, kwa maneno haya tu: inafanya kazi, au haifanyi kazi, na ilisimama siku ngapi. Kurasa hizo hazitapendeza. Wahisani wengine watazikunjia uso. Lakini wazee wataweza kutuuliza.

Sasa nafika kwenye jambo la kura. Wote mwajua kwamba tumeahidiwa fedha za kisima cha pili, katika kijiji cha jirani, na wanaotoa wanataka kazi iwe imekwisha kabla ya mwisho wa mwaka, jina lao liandikwe, na fedha zote ziingie katika kuchimba na kutia pampu. Halmashauri inapendekeza tukubali. Mimi nasimama kuwaomba msikubali namna hiyo.

Siwaombi tukatae msaada. Nawaomba tuwaandikie barua ya adabu, tuwaambie kwamba sehemu ya fedha hizo iwekwe akiba ya vipuri na nauli kwa miaka mitano, na kwamba kazi isianze mpaka watu wa kijiji, na hasa akina mama wanaoteka maji, wamechagua wenyewe watunzaji wao na watunzaji hao wamefundishwa. Halmashauri ya kisima chetu cha kwanza ilikuwa na wanaume saba. Hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kubeba ndoo kichwani, nami nimo.

Mzee mmoja ninayemheshimu kama baba aliniambia jana usiku, "Mwanangu, mkono mtupu haulambwi. Ukianza kuweka masharti, fedha hizo zitakwenda kwa chama kingine, na wale wanawake wa kijiji cha pili watakosa maji kwa sababu ya hotuba yako." Hiyo ni hoja nzito, nami sikuweza kulala nikaidharau. Ni kweli kwamba mwaka mmoja wa maji matamu ni bora kuliko kutokuwa nayo kabisa. Lakini nimeona kitu kingine ambacho mzee hakukiona, kwa kuwa hakuwapo. Kijiji kilichopata maji kisha kikayapoteza hakirudi pale kilipokuwa. Kisima cha zamani cha kamba na ndoo kimekwisha kufukiwa. Mwenye mkokoteni amekwisha kupandisha bei. Na ukija tena na ahadi, watu hukuitikia kwa heshima kisha hurudi majumbani mwao. Sikuisikia hoja hii popote. Niliiona katika macho ya watu wa pale.

Neno moja juu ya nauli, maana najua litaulizwa. Wako wanaosema kijana wa kujitolea akilipwa nauli amekwisha kuwa mwajiriwa. Vijana wetu wanne waliacha klabu mwaka jana. Hawakugombana na mtu. Walikuwa hawana kazi, na kila safari ya Kwale waliigharimia wenyewe mpaka wakaona haya kusema hawawezi tena. Kumwomba asiye na kitu atoe siku yake ni haki. Kumwomba atoe na chakula cha nyumbani kwao ni jambo jingine.

Mtataka kujua mwisho wa ile pampu. Nilirudi Mombasa, nikaifungua kabati, nikaichukua spana, nikanunua mipira mitatu, na Jumamosi iliyofuata nikavuka nikiwa na vijana wawili wa klabu. Tulikuwa tumejiandaa kwa kazi ya siku nzima. Tulipofika, akatokea bibi mmoja mtu mzima sana, amejifunga leso mbili, akasimama kututazama tunavyohangaika na kifuniko. Alivumilia kidogo. Kisha akasema, "Lete hiyo." Akaipokea spana, akakaa kitako, akawaita wakwe zake wawili, akawaelekeza nani ashike wapi. Fimbo za pistoni zikatoka moja baada ya moja, mpira wa zamani ukaonekana, umelika upande mmoja kama sabuni. Haikupita saa moja maji yakatoka. Alikuwa amefundishwa wakati wa ule mpango wa zamani, angali kijana, akatunza pampu ya kijiji alikozaliwa kabla ya kuhamia huku. Siku ya sherehe yetu alikuwapo, alikula pilau. Hakuna aliyemwuliza kama anajua lolote juu ya pampu.

Spana sasa inaning'inia nyumbani kwake, kwenye msumari nyuma ya mlango. Wakwe zake wawili wamekwisha kufungua pampu mara moja pasipo yeye kuinuka. Kila nyumba hutoa kitu kidogo kila mwezi, na daftari analiweka binti mmoja wa darasa la nane. Kati ya mipira mitatu niliyonunua, mmoja uliingia siku ile, wa pili umeingia mwezi Machi mwaka huu, na wa tatu umo ndani ya sanduku la bibi. Watu wa kijiji wamesema wa nne watanunua wenyewe, na wameomba tu waelezwe duka. Ninayo anwani ya duka hilo hapa mfukoni, na namwomba Bwana Katibu aiandike katika kumbukumbu za mkutano huu, ili siku nitakapokuwa sipo asiwepo mtu wa kutafuta namba yangu ukutani.